Kioo Kati ya Mashemeji

Jina la Posta alipewa na mlinzi wa jengo, na lilimkaa kama gauni lililokatwa kwa kipimo chake. Alikuwa mama wa makamo, mwili umejaa kiasi, mwendo wa haraka, na sauti ambayo ukiisikia kwenye simu unadhani mwenyewe anatabasamu. Mara nyingi alikuwa anatabasamu kweli. Aliajiriwa katika ofisi ya wapima ardhi, ghorofa ya pili, tangu siku ofisi hiyo ilipofunguliwa. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni, kuchapa ripoti, kupanga ramani kabatini, na kuwakumbusha mabosi wake kwamba binadamu hula mchana.

Mabosi walikuwa wawili, mtu na shemeji yake. Mmoja alikuwa mrefu hata akiingia mlangoni anainama kwa mazoea, hata kama mlango hauna shida naye. Watu walimwita Mrefu mbele ya uso wake na hakujali. Mwenzake alikuwa mdogo wa umbo, nadhifu, shati limenyooshwa hadi ukosi unasimama wenyewe. Huyo walimwita Mfupi, ila pembeni. Mrefu alikuwa amemwoa dada yake Mfupi. Walianza kupima viwanja pamoja wakiwa vijana, walikuwa wanakula sahani moja, na wakicheka ofisini wateja walioko kwenye ngazi walikuwa wanacheka nao bila kujua sababu.

Kisha ikaja harusi ya binti yake Mfupi. Mrefu akapewa kipaza sauti asalimie wageni. Sasa Mrefu ni mtu ambaye kipaza sauti kikimfika mkononi hakitoki upesi. Akaanza kuwasimulia watu jinsi shemeji yake, enzi za ujana, alivyopima kiwanja asubuhi nzima, akapigilia vigingi kwa mbwembwe, kumbe yuko kwenye bustani ya mboga ya jirani, hadi mwenye bustani akamtoa mbio kwa mpira wa maji. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mfupi naye alionyesha meno, lakini ni meno tu. Jumatatu alipofika kazini hakumsalimia shemeji yake. Hakusema kama amekasirika. Aliacha tu kusema. Mrefu naye, baada ya kusalimia mara kadhaa na kujibiwa na ukuta, akanuna.

Hapo ndipo mama wa mapokezi alipogeuka kuwa Posta.

"Dada, mwambie huyo bwana ramani ya mteja wa leo iko tayari."

"Dada, mwambie nimesikia."

Na kweli alikuwa amesikia. Vyumba vyao vilitenganishwa na patisheni ya plaiwudi nyembamba kiasi kwamba mmoja akifungua droo, mwenzake anajua ni droo ipi. Lakini utaratibu ulikuwa utaratibu. Ujumbe haukuhesabika umefika mpaka Posta ainuke, azunguke, asimame mlangoni na kuusema. Njiani aliutia sukari. Akiambiwa, "Mwambie aache ujinga," alifika upande wa pili akasema, "Anaomba ulifikirie tena jambo hili." Na huyo aliyekuwa amelisikia neno "ujinga" kwa masikio yake mwenyewe angetikisa kichwa kwa heshima na kusema, "Mwambie nitalifikiria."

Hayo yote Posta aliyamudu. Kilichomchosha ni swali la mwisho. Kila akirudi kutoka upande wa pili, bosi wa upande huu angejifanya anatafuta kitu mezani, kisha aulize bila kuinua macho, "Amelipokeaje? Alikuwa na sura gani?"

Posta angejibu, "Sura ya kawaida, bosi."

"Kawaida ya namna gani?"

Sasa kawaida ya namna gani utaielezaje? Mrefu akifikiri, hukunja uso kama mtu aliyeonja ndimu. Mfupi akihuzunika, hunyoosha kalamu zake mezani zikae sambamba. Mambo hayo mtu huyaona mwenyewe. Jioni Posta alimwambia mumewe, "Maneno nayabeba. Sura haibebeki."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, aliyefanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Nyumba hiyo walikaa pamoja na mama yake, bibi mmoja mchangamfu ambaye masikio yalikuwa yamepungua lakini hamu ya habari haijapungua hata kidogo. Bibi huyo alifuatilia ugomvi wa mashemeji kama watu wanavyofuatilia mchezo wa redioni.

"Mkwe wangu, leo wamesemaje?"

"Hawajasema, mama."

"Wamepatana?"

"Hawajasema!"

"Basi kesho," bibi alisema, akajiweka sawa kwenye kiti, tayari kuingojea kesho.

Mambo yangeendelea hivyo miaka, kama si bomba la ghorofa ya tatu kupasuka. Maji yalishuka mwisho wa wiki nzima. Ramani zilipona kwa sababu ziko kwenye makabati ya chuma, lakini plaiwudi ilivimba, ikajikunja, ikaanza kubanduka tabaka kwa tabaka na kutoa harufu ya soksi. Msimamizi wa jengo alikuja akaigusa kwa kidole kimoja na kusema ing'olewe siku hiyo hiyo. Patisheni nyingine ya mbao hakuitaka tena, na matofali hakuyaruhusu kwa kuhofia uzito. Ikabaki kioo.

Patisheni iling'olewa, na Posta akatundika pazia la muda. Pazia hilo lilikuwa adhabu. Kila feni ilipogeuka, lilipepea, na mashemeji wawili wakajikuta wanatazamana ana kwa ana. Papo hapo wote wawili walitupa macho darini, kama watu wanaokagua kama bado panavuja. Baada ya siku chache wakaanza kupishana, mmoja akija asubuhi, mwingine mchana, na wateja wakawa hawajui wamfuate nani saa ngapi.

"Dada, nenda ukachague kioo," Mrefu alisema. "Chagua unachotaka, ilimradi nisimwone."

Mfupi alipofika mchana akasema, "Chagua unachopenda mwenyewe. Ilimradi asinione."

Posta alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu harusi ile, walikuwa wamekubaliana jambo. Alijua viko vioo vyeupe visivyopenya macho, vinavyoitwa vya ukungu, na akaona kazi imekwisha kabla haijaanza. Jumamosi alimchukua mumewe wakaenda kwenye karakana ya vioo, nyuma ya kituo cha mafuta. Vioo vilikuwa vimesimamishwa kwenye fremu za mbao kama vitabu kwenye rafu, na sakafu nzima ilimeremeta.

Fundi wa vioo alikuwa bwana mpana mwenye maneno mengi na plasta kwenye kidole gumba. Alimwona Posta anaitazama ile plasta.

"Usiogope, dada. Kioo hakijawahi kunikata. Hii nilikuwa namenya kitunguu. Haya, mnatenganisha nini na nini?"

"Mtu na shemeji yake," Posta alisema.

Fundi aliguna. "Kwa hilo sina unene unaotosha. Lakini tujaribu."

Alivuta kioo kimoja baada ya kingine, vyote vikiwa vimewekwa kwenye fremu ndogo za magurudumu, na akamwomba mume wa Posta asimame nyuma yake, ili Posta aone mtu anavyoonekana. Kwanza kilikuja kioo cha rangi ya moshi.

"Unafanana na mtu anayetafutwa," Posta alimwambia mumewe.

Kikaja kioo cha mistari, na fundi cherehani wa watu akakatika vipande vipande, wembamba wengi waliosimama bega kwa bega.

"Ondoa hicho. Mmoja ananitosha."

Wakacheka wote watatu. Kisha fundi akasogeza kioo cha ukungu. Kilikuwa kizuri kweli, cheupe kama maziwa, na mwanga ulipita ndani yake kwa upole. Nyuma yake mumewe alibaki kivuli tu chenye mabega.

"Hiki hapa," Posta alisema. "Ndicho." Halafu, sijui ni nini kilichomsukuma, akasema, "Hebu cheka."

"Nacheka," mumewe alijibu.

"Sasa nuna."

"Nimenuna."

Kivuli kilikuwa kile kile. Posta alisogea karibu hadi pumzi yake ikaacha alama kwenye kioo.

"Na sasa unafanya nini?"

"Nimekutolea ulimi muda mrefu tu," mumewe alisema, na fundi wa vioo akaangua kicheko.

Posta hakucheka. Alisimama pale mkono shavuni. Alikuwa anawaza kwamba akikinunua kioo hiki, ataulizwa alikuwa na sura gani mpaka siku atakapostaafu, na kwamba wale watu wawili, kila mmoja peke yake, kila siku, wanaulizia uso wa mwenziwe kwa sababu wameukosa. Hakuwahi kulifikiria hivyo. Alikuwa ameliona swali lile kama usumbufu. Kumbe lilikuwa hamu.

"Niletee cha wazi," alisema.

Fundi akasogeza kioo cha wazi, na mumewe akatokea mzima mzima nyuma yake, na pini aliyoisahau kwenye ukosi, na macho yenye uchovu wa cherehani, akimtazama kwa wasiwasi kidogo kwa sababu mkewe alikuwa amenyamaza ghafla.

"Hiki. Huku chini mpaka usawa wa meza weka ukungu, wasichunguliane makaratasi. Juu kote wazi."

Mumewe akatoka nyuma ya kioo. "Mke wangu, watakufukuza kazi."

"Watamtuma nani aje aniambie?"

Fundi wa vioo alilazimika kukaa chini. Alirudia maneno hayo peke yake mara mbili tatu huku anajifuta macho, kisha akaahidi kuja kupima uwazi wenyewe kabla ya kukata.

Siku ya kupima, mashemeji wote wawili walikuwepo, maana hakuna mpima ardhi duniani atakayekubali mtu mwingine apime ofisini kwake bila yeye kuangalia. Posta alikuwa ameshawaeleza asubuhi ni kioo gani kinakuja. Alisema kwa sauti yake ya simu, "Mliniambia nichague. Nimechagua." Mrefu alikunja uso wa ndimu. Mfupi alinyoosha kalamu. Hakuna aliyepinga, kwa sababu kupinga kungehitaji wakae wazungumze.

Fundi alipotoa futikamba yake tu, Mrefu akatoka na kile kidude chake cha kupimia kwa mwanga mwekundu. Akakiinua juu kabisa kwa mkono wake mrefu, nukta nyekundu ikatua ukuta wa pili, na akasoma kipimo kwa sauti. Mfupi akaja na futikamba ya chuma, akachuchumaa karibu na sakafu, akapima, akasoma kipimo kingine.

Palikuwa na tofauti. Si kubwa, lakini kwa kioo ni kubwa mno.

"Dada," alisema Mrefu, akiwa amesimama hatua moja tu kutoka kwa shemeji yake, "mwambie huyo bwana futikamba yake imezeeka."

"Dada," alisema Mfupi, "mwambie huyo bwana kidude chake kinataka betri mpya."

"Mwambie kidude kimetoka kukaguliwa."

"Mwambie na mimi nimetoka kukaguliwa."

Fundi wa vioo alikuwa na penseli yake hewani. "Jamani, kioo kikishakatwa hakiunganishwi kwa uzi. Niandike cha nani?"

Wote wawili wakamgeukia Posta. Na Posta, ambaye tangu aanze kazi hakuwahi kumkatalia mtu, alivuta kiti chake, akakaa, akakunja mikono.

"Posta imefungwa," alisema.

"Umesemaje?"

"Imefungwa. Tarishi amechoka. Kila mtu apeleke barua yake mwenyewe."

Mfupi alitazama viatu vyake. Mrefu alikizima kidude, akakiwasha, akakizima. Fundi alikohoa. Mwishowe Mfupi akainuka na ile futikamba yake. Alitaka apime kule juu alikopima mwenzake, ahakikishe. Akanyoosha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, na futikamba ikapinda na kuanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Ndipo aliponyoosha ncha ya futikamba pembeni, bila kumtazama mtu, kama anayeionyesha hewa.

"Shika kule juu," alisema.

Mrefu akaishika. Akaibana kwenye kona ya juu, na Mfupi akarudi nyuma akiivuta mpaka ukuta wa pili, akapanda kwenye kiti, akasoma. Kikawa kile kile kipimo cha kidude. Kisha wakashuka chini pamoja, Mrefu akipiga magoti, wakapima karibu na sakafu. Kikawa kile kile cha Mfupi.

"Ukuta umelala," alisema Mrefu polepole.

"Umelala," alisema Mfupi.

"Juu ni pana kuliko chini."

"Ni pana. Sote tumepatia."

Wakabaki wamepiga magoti wote wawili sakafuni, wanautazama ukuta kama watu waliokutana naye leo. Fundi aliandika vipimo vyote. Posta alijifanya anatafuta kitu kwenye droo, maana machozi yalikuwa yamemfika karibu na hakutaka kuharibu.

Usidhani walikumbatiana. Kioo kilipofungwa, kizuri, kisafi, kimenyooka ndani ya fremu ya alumini, kila mmoja aligeuza kiti chake akampa mwenziwe mgongo. Lakini kumpa shemeji mgongo kulimaanisha kuupa mlango mgongo pia, na wateja wakaingia wakakuta mabosi wawili wanatazama ukuta. Mama mmoja aliyekuja kuulizia kiwanja chake alimnong'oneza Posta, "Wameadhibiwa?" Viti vikarudi mahali pake. Wakaanza kuonana: mmoja anapiga miayo, mwingine anapambana na kifuniko cha chupa ya maji. Posta aligundua kwamba hakuna aliyemuuliza tena habari za sura ya mtu.

Kisha siku moja kikanuka. Mfupi alikuwa kwenye simu na mteja msumbufu. Mdomo ulisema, "Ndiyo mzee, bila shaka mzee," lakini mkono wa pili ulikuwa unakataa, unapunga, unamfukuza huyo mzee kama nzi. Upande wa pili wa kioo, Mrefu aliinua macho, akaona, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Mfupi akageuka, akaona meno yote nje. Akakata simu. Akatoka, akazunguka, akasimama kwenye mlango wa Mrefu, uso umemwiva.

"Unanicheka nini?"

Posta alisimama mezani kwake, kisha akakaa tena. Aliona hapa hana la kubeba.

"Sikucheki wewe," Mrefu alisema. "Namcheka mteja. Unamwambia ndiyo huku unamfukuza kwa mkono!"

"Unanicheka. Kama ulivyonicheka siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ya binti yangu." Sauti ya Mfupi ilikwaruza. "Wakwe zake wamekaa mstari wa mbele. Ndiyo kwanza wananifahamu. Nimewaambia mimi ni mpima ardhi, mtu wa kuaminika. Unasimama unawaambia sijui kutofautisha kiwanja na bustani ya mtu! Nilijiandaa mwezi mzima nisiaibike siku ile, shemeji. Mwezi mzima."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa neno "shemeji" kutajwa mule ofisini tangu harusi. Kwa kawaida yake Mrefu angetafuta mzaha, na kwa kuwa alikuwa anaangaliwa usoni, aliona hapafai.

"Nilidhani nakusifu," alisema mwishowe. "Hadithi ile mimi naipenda. Ndiyo siku niliyojua nimepata mtu wa kufanya naye kazi. Ulilowa maji mpaka kwenye viatu, na bado ukarudi kumwomba yule mwenye bustani msamaha, ukamwambia utampimia bure. Nilitaka nifike hapo. Watu wakacheka kabla sijafika, nikalewa kicheko chao, nikaishia hapo." Akainuka, akasahau kuinama, akagonga kichwa kwenye taa. "Nilikosea. Nisamehe."

Mfupi alimtazama alivyokuwa anasugua kichwa. "Umeumia?"

"Kidogo."

"Kaa chini basi. Dada! Tunaomba chai!"

"Posta imefunguliwa?" Mrefu aliuliza.

"Chai siyo barua," Posta alisema, na akaenda jikoni mwendo wa haraka kuliko siku zote. Aliporudi na sinia, aliwakuta wamekaa chumba kimoja, na Mfupi anasimulia mwenyewe habari za mpira wa maji, na mzee mwenye bustani amekuwa mkali zaidi kuliko kwenye toleo la Mrefu.

Jioni hiyo nyumbani, bibi aliuliza kama kawaida, "Mkwe wangu, leo wamesemaje?"

Posta akamwinamia sikioni akasema kwa nguvu, "Wamesema wenyewe, mama!" Bibi alipiga makofi, kisha akaonekana amehuzunika kidogo, kama mtu ambaye mchezo wake wa redioni umekwisha.

Sasa Posta akawa na nafasi. Ripoti alizimaliza kabla ya mchana. Aliwaambia mabosi wake, kwa nusu mzaha, kwamba amechapa habari za viwanja tangu ofisi ifunguliwe na hajawahi kuona kigingi hata kimoja kikipigiliwa ardhini. Walitazamana kupitia kioo, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja akaona mwenziwe anawaza jambo lile lile.

Wiki iliyofuata walifunga ofisi wakamchukua kwenda naye kupima kiwanja. Alivaa viatu vya mpira vya mumewe na kofia pana, akapewa fimbo ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe, akaelekezwa asimame kule mbali, penye majani. Jua lilikuwa limepanda. Mashemeji walikuwa wameshaanza kubishana kwa sauti juu ya mahali pa kuweka kifaa cha kupimia, na ubishi wao ulimfikia Posta vipande vipande pamoja na upepo. Mfupi akainamia kifaa, akafumba jicho moja, akainua mkono wa kushoto. Posta akasogea kushoto. Akainua wa kulia. Akasogea kulia kidogo.

"Hapo hapo!" wakapiga kelele wote wawili kwa pamoja.

Posta akaishika fimbo kwa mikono miwili, akasimama wima, na akajikuta anacheka peke yake katikati ya uwanja.